Jiwe la Kumi na Tisa

Saa kumi na moja alfajiri vidole vyangu bado havijaamka.
Vimejikunja kama vya mtoto aliyeficha sarafu.
Bomba nalifungua kwa kiwiko,
dawa ya meno naikamua kwa meno,
na Mbaruku, mume wangu, anajifanya amelala
nisijue kwamba anasikiliza
kama leo kitasa kitanishinda.

Baridi yabisi.
Jina gani hili katika Tanga,
ambako hata kivuli hutoka jasho?
Daktari wa Bombo alinieleza:
askari wa mwili wako wamekosa adui,
sasa wanavunja nyumba za wenyeji.
Akaniandikia vidonge, kila Ijumaa.
Ijumaa usiku nalala na ndoo kando ya kitanda.
Jumamosi ni siku yangu ya baiskeli.

"Baiskeli si neno," alisema shoga yangu Mwanamkasi,
"Tanga nzima tunapanda.
Lakini uogelee, upande, halafu ukimbie,
siku hiyohiyo, bila kufukuzwa na mtu?"
Nikacheka. Jibu sikuwa nalo.
Mpaka leo sinalo kamili. Nina namba tu:
kilometa moja na mita mia tisa za maji,
tisini za lami,
ishirini na moja za miguu,
na kabla ya hizo zote
hatua sita, kitandani hadi mlangoni,
ambazo hakuna anayezishikia saa.

Mwezi wa pili, pale Pongwe, mbuzi alikatiza barabara.
Mbuzi alikwenda zake.
Mimi nilibaki na mtulinga uliovunjika
na goti lililofunguka kama chungwa la Muheza.
Watu wakasema: haya, umeshaambiwa.
Wiki tisa nilikaa barazani,
mkono umefungwa shingoni kwa kipande cha kanga,
nikisoma jedwali la maji la bandari
kama wenzangu wasomavyo magazeti:
kujaa saa ngapi, kupwa saa ngapi,
lini bamvua, lini maji mafu.
Nikaanza kuusoma na mwili, kwa kubahatisha.
Nao una bamvua lake,
goti likavimba usiku mmoja, pete isipite kidoleni.
Una maji mafu yake, hauendi, haurudi.
Ila bahari imechapishiwa jedwali.

Kisha Bi Shekue wa mazoezi ya viungo
akanikatia tyubu kuukuu la baiskeli, akalifunga dirishani.
"Vuta. Taratibu.
Siyo hivyo, unaiba kwa bega jingine."
Miezi mitatu sikuiba.
Naam, niliiba mara mbili.

Leo Alhamisi, Raskazone, maji yamejaa mpaka ngazi ya nne.
Singano, mtoto wa kaka yangu, amekaa na sare ya shule,
rundo la mawe mapajani.
Ngazi hadi boya, boya hadi ngazi, mita mia:
kila nikigusa saruji anapanga jiwe moja.
Kumi na tisa, ndiyo hesabu.
Kwenye la saba vidole vilifunguka, kimoja kimoja,
nikashika maji kama mtu mwenye mikono.
Kwenye la kumi na mbili mtulinga ulinong'ona.
Kwenye la kumi na tano ulipiga kelele,
nikaenda na mkono mmoja na nusu.

Nilipotoka, mawe yalikuwa kumi na tisa.
Mimi nami nilikuwa nikihesabu, moyoni.
Kumi na nane.
Singano akatazama viatu vyake.
"Ulikuwa unachelewa, shangazi. Nikaona nikusaidie."

Nililiokota jiwe la mwisho kwa vidole viwili,
vidole vilevile vya alfajiri,
nikalitia katika mfuko wa shati lake.
"Litunze. Hili bado liko majini."

Akaenda shule akiligusa.
Maji yakaanza kupwa.
Kesho vidonge.
Jumamosi ndoo, halafu Pongwe, na yule mbuzi.
Jumapili yanajaa saa mbili na robo.